Kanyagio la Gitaa: Ufundi wa Kukarabati katika Nchi ya Wamakonde

Tunapotaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiri kwanza ngoma, nyimbo, mashairi na vinyago. Fikra hiyo si mbaya, lakini haijatimia. Kila ngoma ina mtu aliyeiwamba, na kila kinyago kina tezo iliyonolewa na mtu. Ufundi wa kukitengeneza upya kilichoharibika nao ni utamaduni, tena ndio unaoyaweka hai hayo mengine yote. Katika insha hii tutalieleza jambo hilo kwa kutumia kifaa kidogo, yaani kanyagio la gitaa la umeme. Mahali tutakapopatazama ni nchi ya Wamakonde na jirani zao Wamakua na Wayao, kuanzia Masasi hadi Makote na Newala, juu ya Uwanda wa Makonde.

Mashine ya sauti iliingia katika nchi hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906, majeraha ya Vita vya Maji Maji yakiwa bado mabichi, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu, chombo kilichobuniwa na Thomas Edison huko Marekani mwaka 1877. Wenyeji waliimba mbele ya pembe ya chombo hicho, sauti zao zikachorwa juu ya silinda za nta, na silinda hizo zikasafirishwa hadi Ujerumani. Chombo kilikuja na mwenyewe, kikaondoka na mwenyewe. Sauti ilikuwa ya wenyeji, lakini ufundi wa kuihifadhi haukuachwa kwao.

Linganisheni hali hiyo na ya ngoma. Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Nasi twaongeza kwamba mwenye ngoma huijua dawa yake. Ngozi ikilegea kwa umande, mpigaji huisogeza karibu na moto mpaka ikaze na mlio urudi. Ikipasuka, huwambwa nyingine, na gogo likioza huchongwa jipya. Baada ya Uhuru, sindimba ilipotoka kusini ikachezwa na kikundi cha ngoma cha taifa, haikuhitaji fundi kutoka ng'ambo. Aliyeipiga aliweza pia kuitengeneza.

Je, twaweza kusema hivyo juu ya gitaa la umeme? Swali hili ni zito. Mnamo Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba vijana wengi waliosoma walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Hata hivyo, dansi lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Kilwa Jazz mwaka 1958, na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiswahili, na mambo yaliyoimbwa yalikuwa yetu. Vyombo ndivyo vilivyobaki kuwa vya kuagizwa.

Ugumu wa kuagiza ulikuja kuonekana wazi baadaye. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka mikoa ya kusini. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Katikati ya miaka hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa haba, na ilikuwa haki dawa na mafuta yatangulie mbele ya nyuzi za gitaa. Tena barabara ya kwenda kusini ilikatika kila masika, na mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Chombo kilichoharibikia Newala kilipaswa kupona huko huko Newala, au kinyamaze.

Sasa tukitazame kifaa chenyewe. Sauti ya gitaa la umeme hukuzwa na chombo ambacho wanamuziki hukiita amplifaya. Baadhi ya amplifaya huweza pia kuitetemesha sauti au kuipa mwangwi. Kwa kuwa mikono ya mpigaji haina nafasi, amri hiyo hutolewa kwa mguu. Ndani ya kanyagio la aina hii mna swichi tu, na waya mbili ziendazo kwenye amplifaya. Swichi ikiziunganisha, alama fulani ya mtetemo au mwangwi hupelekwa ardhini na kuzimika, ikizitenga, hurudi. Kitu sahili namna hii hakishindi akili ya mtu yeyote makini.

Maradhi yake makubwa ni matatu: waya kukatika ndani shingoni mwa plagi, vumbi na kutu kuziba migusano ya swichi, na springi kuvunjika. Fundi asiye na mita huyapima kwa betri ya tochi na balbu yake. Akiunga betri, balbu na waya mbili za kanyagio katika mzunguko mmoja, kisha akakanyaga, balbu yapasa kuwaka na kuzimika kwa zamu. Ikimetameta anapoukunja waya, ugonjwa uko wayani. Atakata kipande kibovu na kulehemu upya, kwa chuma kilichopashwa katika makaa ikiwa umeme haupo. Ikiwa waya ni mzima, atafungua swichi na kusafisha migusano kwa spiriti.

Swichi ikiwa imekufa kabisa, gari kuukuu laweza kutoa nyingine. Land Rover za zamani zilikuwa na swichi ya mguu ya kubadili mwanga wa taa kubwa, nayo ina vituo vitatu. Ukitumia kile cha kuingilia na kimojawapo cha kutokea, mkanyago mmoja huunga na wa pili hutenga, kama litakiwavyo kanyagio. Sanduku lake laweza kuchongwa kwa mninga, na mchongaji wa Kimakonde hahitaji kufundishwa kazi hiyo. Ila mbao haizuii mvumo wa umeme, hivyo ndani hutandikwa bati la kopo lililoungwa na waya wa ardhi. Hapo tezo na lehemu hukutana katika kitu kimoja.

Isidhaniwe kwamba ufundi huu ni wa maskini tu. Leo Fender, mmoja wa waundaji wakubwa wa magitaa na amplifaya duniani, alianza kwa kufungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Alijifunza kuunda kwa kukarabati. Njia hiyo haijafungwa kwa mtu wa Masasi.

Basi jibu letu kwa lile swali ni hili: chombo cha kigeni huwa chetu siku tunapoweza kukifungua, kukijua na kukirudishia sauti. Kabla ya hapo tumekiazima tu, hata kama tumekilipia. Twawashauri walimu waanze darasani na betri, balbu na waya mbili, kisha wawape wanafunzi swichi mbovu waifungue. Amplifaya yenyewe wasiwaruhusu kuigusa ndani, kwani ile ya vali huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Kanyagio latosha kwa kuanzia.