Kontena za tarakilishi: Ukuta mmoja hautoshi kwa mizigo ya hatari

ANAYESIMAMA ufuoni Mtongwe, katika eneobunge la Likoni, na kutazama ng'ambo ya mkono wa bahari wa Kilindini huona makasha ya chuma yakishushwa melini na kupangwa kwa safu. Kila kasha lina vipimo maalumu, nambari yake na muhuri wake, na anayeendesha kreni hahitaji kujua kilichomo ndani ili aliinue.

Utaratibu huo wa uchukuzi ulipata umaarufu baada ya Aprili 26, 1956, wakati mfanyabiashara Mmarekani Malcom McLean aliposafirisha makasha 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Zaidi ya nusu karne baadaye, wataalamu wa tarakilishi waliazima wazo lilo hilo, pamoja na jina lake.

Kontena ya tarakilishi ni furushi lenye programu na kila kitu ambacho programu hiyo huhitaji ili ifanye kazi. Likiweza kutumika katika tarakilishi ya aliyeliandaa, litatumika vivyo hivyo katika seva iliyo mbali. Docker, iliyozinduliwa mwaka wa 2013, ndiyo iliyoeneza utaratibu huu ulimwenguni.

Hata hivyo, kontena zinapofika mamia, hakuna binadamu awezaye kuzisimamia moja moja. Kazi hiyo hufanywa na Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka wa 2014, na ambayo jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Huunganisha seva kadhaa ziwe klasta moja, huzigawa kontena katika vikundi vidogo viitwavyo podi, huamua podi ipi ikae katika seva ipi, na huanzisha nyingine pale moja inapozimika.

Kasoro ya kontena za kawaida

Kasha la bandarini lina kuta za chuma. Kontena ya tarakilishi haina. Kinachoitenga na jirani zake ni kanuni zinazotekelezwa na kiini cha mfumo wa uendeshaji, aghalabu Linux. Kanuni hizo huizuia kontena kuona faili za wengine na huiwekea mipaka ya kumbukumbu na ya prosesa. Kiini chenyewe ni kimoja, na kontena zote zilizo katika seva hukitumia kwa pamoja.

Kwa hivyo, mdukuzi akigundua ufa katika kiini hicho, au katika injini inayoanzisha kontena, anaweza kutoka katika kontena moja na kuitawala seva nzima. Jambo hilo si la kudhania. Mnamo Februari 2019 ilitangazwa kuwa runc, injini inayotumiwa sana duniani, ilikuwa na kasoro iliyowezesha kontena yenye nia mbaya kuiandika upya injini hiyo na kujipatia mamlaka yote ya seva. Januari 2024 kasoro nyingine ya kutoroka ilifichuliwa katika injini iyo hiyo. Zote mbili zilirekebishwa katika matoleo mapya, lakini seva ambazo hazikusasishwa zilibaki wazi.

Mabaharia wanaijua hatari ya aina hii. Mei 2021 moto ulizuka katika meli ya X-Press Pearl karibu na Colombo, Sri Lanka, ikiwa na makasha 1,486, baada ya asidi ya nitriki kuripotiwa kuvuja kutoka kwa kasha. Meli hiyo ilizama mwezi uliofuata. Makasha yalikuwa mengi, lakini chombo kilichoyabeba kilikuwa kimoja.

Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za ubaharia zimeigawa mizigo ya hatari katika madaraja 9 na kuagiza jinsi ya kuitenga melini. Si kila kasha huwekwa kando. Huwekwa lile linaloweza kuleta maafa. Busara iyo hiyo ndiyo inayohitajika katika klasta.

Injini mbili za kutenga

Kuna injini mbili za kontena ambazo huongeza ukuta wa pili, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni gVisor, iliyotolewa kwa umma na Google mwezi Mei 2018. Injini hii huweka kati ya kontena na Linux kiini kingine kidogo, kilichoandikwa kwa lugha ya Go. Maombi ya kontena hupokewa na kiini hicho, na ni machache tu yanayokifikia kiini halisi cha seva.

Ya pili ni Kata Containers, mradi ulioanzishwa Desemba 2017. Hii huipa kila podi mashine pepe ndogo yenye kiini chake cha Linux. Atakayevunja kiini hicho atajikuta bado yumo ndani ya mashine pepe, na itambidi avunje ukuta mwingine.

Hatua za kufuata

Kwanza, msimamizi wa klasta aainishe mizigo yake. Programu zilizoandikwa na watu wa nje, zinazofungua faili zinazotumwa na umma, au zinazowahudumia wateja wengi wasiojuana ndizo za kutengwa mwanzo.

Pili, atayarishe seva. Kata huhitaji prosesa yenye uwezo wa kuendesha mashine pepe, na seva nyingi za kukodi, ambazo zenyewe ni mashine pepe, hazina ruhusa hiyo. Katika seva kama hizo gVisor huwa chaguo jepesi zaidi.

Tatu, injini isakinishwe katika seva zilizoteuliwa, kisha containerd, programu inayosimamia kontena katika seva, iarifiwe. Hilo hufanywa kwa kuongeza jina la injini mpya, mathalan runsc kwa gVisor, katika faili ya /etc/containerd/config.toml na kuianzisha containerd upya. Ni vyema kushughulikia seva moja baada ya nyingine, podi zikiwa zimehamishwa kwanza.

Nne, ndani ya Kubernetes iundwe RuntimeClass, yaani tangazo linaloijulisha klasta kuwa injini hiyo ipo. Kipengele hiki kilithibitishwa rasmi katika toleo la 1.20 la Desemba 2020. Jina la injini katika tangazo lazima lilingane na lile lililoandikwa katika containerd. Aidha, tangazo litaje seva zenye injini hiyo, ili podi isipelekwe mahali ambapo haitaanza, na kiasi cha kumbukumbu ambacho ukuta wa pili wenyewe hutumia.

Tano, kila podi inayostahili kutengwa iandikiwe runtimeClassName pamoja na jina la tangazo hilo. Hapa ndipo penye mtego. Podi isiyoandikiwa hivyo huendeshwa na injini ya kawaida bila onyo lolote. Kwa sababu hiyo, iwekwe sera ya kukataa podi yoyote ya kundi hilo isiyokuwa na maelezo hayo.

Sita, matokeo yapimwe. Amri ya dmesg ikitolewa ndani ya podi ya gVisor, huonyesha ujumbe wa gVisor yenyewe badala ya ule wa seva. Katika Kata, amri ya uname -r kwa kawaida hutoa toleo la kiini lililo tofauti na la seva.

Gharama na mipaka yake

Ukuta wa pili una bei. gVisor hupunguza kasi ya programu zinazosoma na kuandika faili mara kwa mara, nayo Kata hutumia kumbukumbu zaidi na huchelewa kidogo kuanza. Hifadhidata kubwa isihamishwe kabla ya kupimwa.

Vilevile, ukuta huo hauzibi kila mwanya. Podi iliyofunguliwa saraka za seva, au msimamizi aliyetumia nywila dhaifu, humrahisishia mdukuzi kazi kwa njia nyingine. Masharti ya kawaida yangali yanahitajika: kontena zisiendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na injini zote zisasishwe kila toleo jipya linapotoka.

Kwa Kenya, suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayesimamia data kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua uvamizi unaoweza kuwadhuru wenye data. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Kampuni ya kutoa mizigo bandarini, chama cha akiba na mikopo au hospitali ya kibinafsi, ikiweka rekodi zake katika klasta, huwa imepakia siri za watu wengi katika chombo kimoja. Kazi ya kwanza ya msimamizi wake, kabla ya kusakinisha chochote, ni kuorodhesha mizigo iliyomo na kuitambua ile ambayo haistahili kukaa pamoja na mingine.