ARDHI: Hatimiliki pekee si ruhusa ya kujenga ghorofa

WANUNUZI wengi wa ploti katika miji inayopakana na Nairobi huamini kwamba wakishapata hatimiliki, wako huru kujenga watakacho. Imani hiyo imewapotezea wengi akiba ya miaka. Hatimiliki hueleza ardhi ni ya nani. Ardhi hiyo itumiweje ni suala linaloamuliwa na mipango ya kaunti.

Mji wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu ni mfano ulio wazi. Kwa miongo mingi eneo hilo lilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban watu 238,000 mjini humo, na ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Baina ya sensa hizo barabara kuu ya Thika ilizinduliwa, Novemba 2012, na mashamba yakazidi kukatwa ploti za futi 50 kwa 100. Palipokuwa na mibuni pakaota nyumba za kupangisha, mara nyingi kabla ya mabomba ya majitaka kufika.

Katiba ya 2010 inalinda haki ya kumiliki mali katika Kifungu cha 40, lakini Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango. Jukumu la kupanga miji limo mikononi mwa kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996.

Mpango wa mji huligawa eneo katika sehemu za makazi, biashara, viwanda, kilimo na huduma za umma. Ndani ya kila sehemu kuna vipimo viwili ambavyo madalali wa ploti hawavitaji kamwe. Cha kwanza ni kiasi cha ploti kinachoruhusiwa kufunikwa na jengo. Cha pili ni jumla ya eneo la sakafu zote likilinganishwa na ukubwa wa ploti.

Chukulia ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama mita mraba 464. Iwapo kipimo cha kwanza ni asilimia 50 na cha pili ni asilimia 100, jengo litakalofunika nusu ya ploti litaishia sakafu mbili tu. Aliyekopa benki akitarajia kodi ya sakafu sita amekwisha kupotea hata kabla ya kuchimba msingi.

Ploti iliyokatwa kutoka shambani ina hatua zaidi. Pale ardhi inapotambulika kisheria kuwa ya kilimo, mauzo na ugawaji wake huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi linafaa kuwasilishwa katika miezi sita tangu mkataba kutiwa saini. Bila idhini hiyo mkataba hubatilika. Hali kadhalika, anayetaka kujenga nyumba za kupangisha huko sharti kwanza aombe kubadilishiwa matumizi ya ardhi.

Ombi la aina hiyo lazima litangazwe kwa umma ili wenye pingamizi waziandikie mamlaka za kaunti. Tangazo lililobandikwa mbele ya ploti ndilo fursa kubwa ya majirani, nao hulipita kila asubuhi bila kulisoma, kisha hulalamika majitaka yanapotiririka uani mwao.

Mwombaji asiyejibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusikiza mizozo ya mipango, na baadaye anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anayeanza ujenzi bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela miezi isiyozidi miwili, au adhabu zote mbili. Kwa mwenye ghorofa ya mamilioni, faini hiyo ni ndogo mno na haishangazi kwamba wengine huthubutu. Kinachouma ni alama nyekundu ya X ukutani na tingatinga linaloifuata.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa hata arbuni, mnunuzi anapaswa kupeleka nambari ya ploti katika afisi ya mipango ya kaunti na kuuliza imo katika sehemu gani, ni sakafu ngapi zinazoruhusiwa, na kama kuna barabara au bomba lililopangwa kupitia hapo. Ikiwa ploti iko karibu na mto, aulize pia mpaka wa hifadhi ya kingo unaishia wapi, na majibu yote ayapate kwa maandishi.