Ndugu aliyepotea kijijini: fumbo ambalo Leta yenyewe iliandika



Kuko aina ya riwaya ambayo wengi kati yetu tunapenda: riwaya ya upelelezi. Mtoto mmoja anapotea kijijini. Miaka 40 inapita, wazazi wanazeeka, halafu siku moja dada yake anaanza kuuliza. Anakuta kwamba kijiji kizima kilijua kitu fulani na kikanyamaza. Msomaji anakosa usingizi juu ya maswali matatu tu: nani alimchukua? Nani alijua? Na juu ya nini walinyamaza?

Leo tuangalie fumbo la namna hiyo ambalo halikutungwa na mtu. Lilitokea kwetu Kongo, na kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, wakati wa Wabelgiji. Maelfu ya watoto metisi, wenye mama mweusi na baba mzungu, waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa kwenye misioni za mbali. Nyuma walibaki mama, bibi, wajomba na wadogo zao ambao waliambiwa tu: "Ulikuwa na kaka, Leta ilimubeba."

Tuanze na baba, kwani kila kitu kinatoka hapo. Wazungu wengi waliokuja Kongo walikuja peke yao, bila bibi: maajenti wa Leta, watu wa migodi, watu wa mashamba. Sisi tuliosoma kilimo tunajua vizuri historia ya upande wa mashamba. Tunafundishwa kwamba Comité National du Kivu ilianzishwa mwaka 1928 kugawa ardhi kwa wakoloni, na kwamba INEAC ilianza mwaka 1933. Tunajua kahawa, chai, kinini na pareto. Lakini kwenye nyumba za mashamba hayo, na kwenye nyumba za maajenti, kulikuwa pia mwanamke aliyeitwa "menajeri". Kwa jina alikuwa wa kupika na kupanga nyumba, kwa kweli wengi waliishi nao kama bibi. Mzungu alipomaliza muda wake, alirudia Ubelgiji, mara nyingi kwa mke wake wa harusi. Mtoto alibaki. Baba wengi hawakumuandikisha kwa jina lao, basi kwenye karatasi mtoto yule hakuwa na baba.

Hapo sheria ikaingia. Tarehe 12 Julai 1890, wakati Kongo ilikuwa bado mali ya Leopold II, ilitoka dekreti iliyopa Leta ulezi juu ya watoto yatima, watoto walioachwa, na wale ambao wazazi hawatimizi wajibu wao. Mwaka 1892 misioni nazo zikapewa nafasi katika ulezi huo. Ukisoma haraka utasema ni jambo jema, nani anakataa kumsaidia yatima? Lakini angalieni neno moja: "aliyeachwa". Mtoto ambaye baba yake mzungu amemkana aliwekwa kwenye kundi la walioachwa, hata kama mama yake yuko hapo anamnyonyesha, hata kama bibi yuko, hata kama mjomba ana shamba na nyumba. Kwetu mtoto ni wa ukoo. Baba akikosekana, mtoto hakosi watu. Ila kwa jicho la Leta, ukoo wa mtu mweusi haukuhesabiwa kuwa familia ya mtoto mwenye damu ya mzungu. Kwa neno hilo moja, mtoto mwenye watu 20 wa kumlea akageuka yatima.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Wakuu wa koloni waliogopa mambo mawili. La kwanza, metisi aliharibu ule mpaka waliouchora kati ya mzungu na mweusi. Kila mtu aliyemuona mtoto yule kijijini alijua kwamba bwana mkubwa anayekataza mchanganyiko mchana, usiku anafanya mengine. La pili, waliogopa kwamba watoto hawa wakikua kati ya weusi, siku moja wataongoza maasi. Dawa yao ikawa kuwatoa kijijini, lakini bila kuwaingiza kabisa kwa wazungu. Wawekwe katikati, nyuma ya ukuta wa misioni.

Kazi yenyewe ilifanywa na watu wa kawaida wa ofisi. Ajenti wa teritware anapita kijijini, anasikia kuna mtoto mwenye ngozi nyeupe, anaandika. Dosye inafunguliwa. Halafu agizo linakuja: mtoto aletwe. Mama anaambiwa kwamba ni kwa faida ya mtoto, atasoma, atakuwa mtu. Pale ambapo faida haikutosha kumshawishi, vitisho vilifuata. Kuna familia zilizotishwa kwamba wanaume wao watapelekwa kwa nguvu Force Publique. Mama asiyejua kusoma na anayeiogopa Leta, angemshitaki nani?

Kuna misioni mbili ambazo majina yake yanarudia kila mara. Ya kwanza ni Katende, Kasai, kwa masista. Huko walipelekwa wasichana wadogo, wengine wa miaka 2, 3 au 4, mbali na vijiji vya mama zao. Waliitwa "watoto wa dhambi". Ya pili ni Save, Rwanda, karibu na Astrida ambayo leo inaitwa Huye. Hapo palikusanywa watoto wa Rwanda, wa Burundi na wa Kivu yetu. Ukoloni ulipokaribia mwisho, karibu watoto 300 wa Save walipandishwa ndege kwenda Ubelgiji, wakagawanywa kwa familia na nyumba za malezi. Hata ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, huyu katika mji huu, yule katika mji mwingine.

Na hapa ndipo fumbo linakuwa gumu kwa yeyote anayetafuta. Watoto wengi walibadilishwa majina. Tarehe za kuzaliwa ziliandikwa kwa kukisia, jina la baba lilifichwa, jina la mama liliandikwa vibaya au halikuandikwa. Tuseme mbegu inatoka shambani ikiwa na jina lake, inafika kituoni na kupewa namba nyingine, halafu kile kitabu chenye namba kinafungwa kwenye kabati la nchi nyingine. Nani atajua tena shamba ilipotoka? Wapo waliokua Ubelgiji na hawakuweza kufunga ndoa bila shida, juu hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Wengine walijikuta bila uraia wowote.

Wale wa Katende hawakupata hata ndege. Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960, vita vya Kasai vilipowaka, masista waliondolewa na wasichana wakaachwa nyuma. Waliangukia mikononi mwa wanamgambo, na waliyofanyiwa huko waliyasema mbele ya majaji wakiwa wazee tayari.

Ni nani basi alijua? Jibu ni kwamba karibu kila mtu alijua kipande chake. Chifu alijua siku ambayo ajenti alikuja. Sista alijua jina la kijiji. Baba alijua kila kitu. Leta yenyewe ilijua kuliko wote, juu iliandika: barua, orodha, ripoti za teritware. Kwenye riwaya mpelelezi anatafuta alama za vidole. Huku mwenye kosa aliacha sahihi na muhuri wa ofisi.

Ukimya wa kijijini nao tusiuhukumu haraka. Mama aliyenyang'anywa mtoto alibeba mzigo wa pili: watu walimsema kwa kuwa na mzungu, kama vile alikuwa amechagua kwa uhuru wote. Akiolewa tena na kuzaa, angeanzia wapi kuwaeleza wadogo? Wengi walifunga mdomo. Ndiyo maana kuna wazee leo hapa Kongo ambao wana dada au kaka Ulaya na hawajui. Na kuna wazee Ulaya ambao wanadhani mama aliwatupa.

Mlango ulianza kufunguka polepole. Mwaka 2014 Assumani Budagwa alitoa kitabu kikubwa juu ya ubaguzi wa metisi wa Kongo na Ruanda-Urundi, baada ya kuchimba nyaraka kwa miaka mingi. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa sehemu ya Kanisa. Machi 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni kwa jina la serikali. Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zilipewa kazi ya kutafuta na kupanga dosye za metisi ili wenyewe na watoto wao wazisome.

Lakini msamaha siyo hukumu. Mwaka 2020 mama watano wa Katende, wenye miaka 70 na zaidi, waliishitaki serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2021 tribinali ya Brussels iliwakatalia: wakati ule, ilisema, kitendo hicho hakikuwa bado kosa la jinai dhidi ya binadamu. Wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ikageuza mambo. Ilisema kwamba Nuremberg ilikuwa imekwisha kupita, Umoja wa Mataifa ulikuwa umethibitisha kanuni zake mwaka 1946, na Ubelgiji ilizijua. Kuwatafuta na kuwateka watoto wa chini ya miaka 7, kwa mpango, juu ya asili yao tu, ni jinai dhidi ya binadamu. Kila mmoja alipewa euro 50.000.

Tuishangilie hukumu hiyo, lakini tuone pia kile ambacho haikugusa. Ilishughulika na watoto. Mama hawakuwa pale kudai, wengi wamekufa. Ndugu waliobaki kijijini hawakuulizwa na mtu yeyote. Na dosye ziko Brussels, kwa Kifaransa na Kiflamanda, wakati nusu ya pili ya fumbo iko huku kwetu, katika vichwa vya wazee. Karatasi inasema "mtoto alitolewa teritware fulani". Bibi ndiye anayejua jina la nyumbani la mtoto yule, jina ambalo karatasi haina. Bila nusu hizo mbili kukutana, hakuna anayepata ndugu yake.

Kwa hiyo naona kazi kwetu sisi tuliosoma, na haihitaji bajeti. Tukishuka vijijini kwa ankete za mashamba, tunajua kumsaidia mzee kukumbuka mwaka: ilikuwa kabla ya vita ya 40, au baada? Mwaka wa njaa? Wakati barabara inalimwa? Tutumie ujuzi huo huo nyumbani. Kama katika familia yenu kuna jina ambalo watu wanalitaja na kukata maneno, muulizeni mzee kwa heshima, bila haraka, bila kumlaumu. Andikeni jina la kijiji la zamani, chifu wa wakati ule, misioni ya karibu, plantesheni ya karibu na jina ambalo watu walimuita mzungu wake. Wekeni tarehe na mahali mlipoongea naye.

Wale waliokuwa wadogo wakati kaka zao wanachukuliwa wana leo miaka 75, 80. Muulizeni huyo mzee mwaka huu.