Waridi la Jangwani katika Ardhi ya Turkana

Huko Lodwar, katika ardhi ya Turkana nchini Kenya, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 na joto la mchana hukaribia nyuzi 35 karibu kila mwezi. Ua la ardhi hiyo ni waridi la jangwani, mmea wa jamii moja na olianda, wenye shina nene linalohifadhi maji na maua ya waridi yanayochanua hata matawi yakiwa hayana jani.

Historia yake iliyoandikwa ilianzia ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Peter Forsskål, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Linnaeus, aliyekuwa katika msafara wa mfalme wa Denmark, alifia Yemen mwaka 1763, na maelezo yake kuhusu mmea huo yakachapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara huo aliyerudi hai. Mwaka 1819 ukapewa jina la jenasi Adenium, kutokana na mji wa Aden. Hata hivyo, elimu ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wanaochemsha utomvu wenye sumu wa mmea wa jenasi hiyo hiyo hadi ugande ndipo waupake kwenye mishale, haistahili kuwekwa chini ya elimu hiyo ya vitabuni.

Huko Kakuma, katika ardhi hiyo hiyo ya Turkana, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992 na ambako kila ndoo ya maji ina kazi yake, ua lisilodai maji mengi ndilo linalostahili kupandwa. Ganda la mbegu, lenye umbo la pembe mbili, hufungwa uzi kabla halijapasuka, kwa kuwa kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo huibeba mara moja. Mbegu mbichi hulazwa juu ya mchanga mwepesi, hufunikwa kidogo tu, nazo huota kwa takriban wiki moja. Baadaye mche humwagiliwa pale tu udongo unapokauka, maana maji yakituama mzizi huoza. Kipande cha tawi nacho hushika mizizi, lakini shina lake kwa kawaida halinenepi vizuri kama la mche wa mbegu, na anayekikata hana budi kunawa mikono, kwa sababu utomvu wake hudhuru moyo.