Gurudumu Lisiloshika Kutu

Ukisimama kando ya barabara mjini Mombasa na kutazama magari yapitayo, utaona magurudumu ya namna mbili. Yako ya chuma cha kawaida, na mengi ya hayo yamefichwa kwa vifuniko. Na yako yanayong'aa kama fedha, yenye mikono iliyochongwa mfano wa nyota. Haya ya pili si ya chuma wala si ya fedha. Ni ya alumini iliyochanganywa na madini mengine kidogo, na juu yake imepakwa vanishi isiyo na rangi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Likaribie gari lililokwisha kutumika miaka kadha, na huenda ukaona jambo la ajabu. Chini ya vanishi pamepita mistari myeupe, myembamba, yenye kupindapinda kama njia za mchwa ukutani. Na mahali pengine vanishi yenyewe imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua kwa jua.

Mwenye gari hulalamika. Aliambiwa ya kwamba alumini haishiki kutu kamwe. Je, alidanganywa? Ili kulijibu swali hilo yatupasa kurudi nyuma miaka mia mbili.

Hakuna metali iliyo tele katika ganda la dunia kuliko alumini, walakini watu wa kale hawakuijua, kwa sababu haikai peke yake. Hushikamana na oksijeni kwa nguvu nyingi mno, hata moto wa mhunzi hauwezi kuzitenga. Mwaka 1825 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alipata punje chache za metali hiyo, na mwaka 1827 Friedrich Wöhler wa Ujerumani akaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville alipata njia ya kutengeneza vipande vikubwa mwaka 1854, lakini kwa gharama kubwa. Ndiyo maana Wamarekani, walipomaliza kujenga mnara wa kumkumbuka George Washington mwaka 1884, waliweka kileleni kofia ndogo ya alumini yenye uzito usiofika kilo 3, nao wakaiona kuwa ni pambo la thamani.

Mambo yaligeuka ghafula mwaka 1886. Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake, waligundua njia ya kuitoa alumini kwa nguvu za umeme. Vijana hao wawili walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, 1863, wakagundua jambo moja katika mwaka mmoja, na wakafa katika mwaka mmoja, 1914. Mtunzi wa hadithi angeandika hivyo, wasomaji wangemcheka. Baada yao bei ilianguka, na metali iliyokuwa pambo ikaingia jikoni.

Kutoka jikoni iliingia katika magari. Mwezi wa Agosti 1924, katika mashindano makubwa ya Lyon nchini Ufaransa, Ettore Bugatti alileta magari yake ya Type 35 yakiwa na magurudumu ya alumini iliyosubiwa, yenye mikono minane mipana, na ngoma ya breki ikiwa imeungana na gurudumu lenyewe. Hakushinda siku ile, kwa sababu tairi zilimtesa sana. Lakini watu walikwisha kuona. Gurudumu jepesi hufuata mabonde ya barabara upesi, na alumini hupitisha joto haraka, hivyo breki hupoa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ted Halibrand wa Marekani alitengeneza magurudumu ya mashindano kwa magnesi, ambayo ni nyepesi zaidi, lakini huliwa na unyevu upesi zaidi pia. Mwaka 1966 kampuni ya Porsche ilianza kuuza gari lake la 911 S likiwa na magurudumu ya alumini iliyofuliwa badala ya kusubiwa. Tangu hapo fahari ya mashindano ilishuka polepole hata kwa watu wa kawaida, na leo magari mengi ya kupeleka watoto shuleni yana magurudumu ya namna hii.

Sasa turudi kwenye swali letu. Alumini inapoguswa na hewa, papo hapo uso wake huungana na oksijeni na kufanya ngozi ngumu, nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona. Kutu ya chuma ni unga uliolegea. Huanguka na kuacha chuma kipya kiliwe tena. Ngozi ya alumini haianguki. Hushika, huziba, na ikikwaruzwa hujifanya upya mara moja. Kwa hiyo yule aliyesema kwamba alumini haishiki kutu alikuwa amekosea kwa namna ya pekee: alumini hushika kutu upesi kuliko chuma, na kutu hiyo ndiyo inayoilinda.

Lakini ngozi hii ina adui zake. Asidi kali huiyeyusha, na vitu vikali vya namna ya magadi vilevile. Ndiyo sababu dawa nyingine za kuoshea magari huharibu magurudumu badala ya kuyasafisha. Adui mwingine ni chumvi. Klorini iliyomo katika chumvi hutoboa ngozi ile mahali padogo sana, na ndani ya tundu hilo maji hugeuka kuwa na asidi, yakazidi kuchimba. Hewa ya pwani ina chumvi. Hata hivyo, chumvi iliyoharibu magurudumu mengi duniani haikutoka baharini. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire nchini Marekani lilijaribu kumwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na baadaye nchi nyingi za baridi zikafuata. Magari mengi yaliyokwisha kutumika yanayoletwa Kenya hutoka Japani, na mengine Uingereza, ambako pia chumvi humwagwa barabarani. Basi mtu aweza kununua gari Nairobi, mbali na bahari, na magurudumu yake yakawa na ugonjwa ulioanza katika theluji ambayo mwenyewe hataiona maisha yake.

Jambo jingine lilijulikana zamani, kabla alumini haijatolewa ardhini. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika meli yao ya vita, HMS Alarm, kwa mabamba ya shaba upande wa chini, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Miaka miwili baadaye waliichunguza, wakakuta misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba imeliwa vibaya. Lakini misumari michache ilikuwa mizima kabisa. Walipotazama sababu, waliona kwamba katikati ya misumari hiyo na shaba palikuwa pamebaki karatasi ya kahawia, ile iliyokuwa imefungia mabamba yalipoletwa bandarini, ambayo mafundi hawakuibandua yote. Kipande cha karatasi kilifanya kazi ambayo wenye maarifa hawakuifikiria. Kwa nini? Kwa sababu metali mbili za namna mbalimbali zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao, na moja huliwa kwa ajili ya nyingine. Katika gurudumu la alumini, kitovu cha gari ni cha chuma, na mizani midogo inayobanwa ukingoni ni ya chuma au risasi. Hapo alumini ndiyo inayoliwa. Fundi yeyote aliyewahi kupiga gurudumu teke mara kumi ili litoke kwenye kitovu ameyaona yale yaliyoipata HMS Alarm, ingawa hajasikia habari zake.

Kinga ya kwanza iliyofikiriwa vizuri ilitokea Uingereza mwaka 1923. Wataalamu wawili, Bengough na Stuart, walitumia umeme na asidi ya kromi kuinenepesha ngozi ya asili ya alumini, ili vyombo vya ndege zinazotua baharini visiliwe. Njia hiyo ni nzuri, nami naiona kuwa ya busara kuliko zote, kwa maana haiifuniki metali kwa kitu kigeni. Huisaidia kufanya yale ambayo ingeyafanya yenyewe. Lakini wanunuzi walitaka mng'ao, na mng'ao hulindwa kwa vanishi. Mwaka huohuo wa 1923 kampuni ya DuPont ilitoa laka yake iliyoitwa Duco, iliyokauka kwa muda mfupi, ilhali rangi za zamani zilitaka siku nyingi. Jina la laka ni la kale zaidi: latokana na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na neno letu lakiri, ile nta nyekundu ya kutia muhuri barua, ni la ukoo huohuo.

Hapa ndipo kisa chetu kinapopinda. Vanishi huzuia maji, na pia huzuia hewa. Iwapo jiwe dogo limeirukia, au gurudumu limekwaruza ukingo wa barabara, maji ya chumvi huingia kwa tundu hilo na kutambaa chini ya vanishi. Pale mbele, yanapochimba, hewa haifiki, nayo ngozi haiwezi kujitengeneza; nyuma, hewa hufika, na unga mweupe hubaki. Kwa hiyo ugonjwa husonga mbele kama mdudu mwenye kichwa na mkia. Mwaka 1944 kutu ya namna hii ilielezwa kwanza katika chuma kilichopakwa laka, kisha ikaonekana katika alumini pia. Unga ule mweupe hujaa na kutaka nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, basi huinua vanishi, nayo hupasuka na kubambuka. Kinga imekuwa kificho cha adui.

Kwa miaka mingi watengenezaji walizuia jambo hili kwa kuosha alumini kwa dawa ya kromi kabla ya kupaka rangi. Ilifaa sana. Lakini namna ile ya kromi huleta saratani kwa wafanyakazi wanaoivuta, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika magari mapya kuanzia Julai 2007. Nani atalalamika? Mstari mweupe katika gurudumu si kitu mbele ya mapafu ya mtu.

Kulitengeneza gurudumu lililoumwa hivi si kazi ya siri, ila ni kazi ya subira, na hapo ndipo wengi hushindwa. Kupaka vanishi mpya juu ya ile iliyobambuka ni kufunika jipu kwa kitambaa kizuri. Hapana budi vanishi yote ya zamani itolewe, si pale panapoonekana tu, kwa sababu ile mistari imekwisha kwenda mbali. Kisha unga mweupe wote uondolewe kwa msasa, kutoka ule wa kukwaruza hata ule laini, mpaka metali safi ionekane ndani ya kila tundu. Baada ya hapo huoshwa, hukaushwa kabisa, hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi, kisha vanishi, kila moja ikingojwa ikauke. Mahali gurudumu linapokaa juu ya kitovu pasipakwe rangi nene, kwa maana rangi hiyo husagika na nati hulegea njiani. Wala lisichomwe kwa moto wa gesi ili kunyoosha mahali palipopinda. Nguvu za magurudumu mengi zilitokana na kupashwa joto kwa kipimo kiwandani, na moto usiopimwa huziondoa. Na likionekana lina ufa, kazi imekwisha. Ufa uliofunikwa kwa rangi ya fedha unaweza kuua watu ambao hawakujua hata kwamba upo.

Gurudumu la namna hiyo halitupwi. Mafundi wa jua kali huyayeyusha mabaki ya alumini na kuyasubu tena kuwa sufuria, na sufuria hiyo haipakwi vanishi yoyote.

Ile kofia ndogo ya mnara wa Washington nayo haikupakwa. Mwaka 1934 mafundi walipopanda kuitazama walikuta ncha yake imeyeyuka kidogo kwa kupigwa na radi. Bado ipo huko juu, mita 169 kutoka chini, ikinyeshewa mvua ikiwa na ngozi yake mwenyewe tu.