Muumano, Mwanya na Pengo: Historia Fupi ya Istilahi za Kupanga Meno

Mfasiri akabidhiwapo fomu ambayo mzazi hutakiwa kuitia sahihi kabla mwanawe hajafungwa nyaya za meno, jambo la kwanza analoligundua ni kwamba Kiswahili si maskini wa maneno ya kinywa. Tunayo magego na chonge, ufizi na taya, kibogoyo na mapengo. Tunalo hata neno kigego, alilopewa mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, ambaye hapo zamani alidhaniwa kuwa na mkosi. Upungufu huanza pale mfasiri anapotakiwa kueleza kile ambacho daktari anakusudia kukitenda, na kwa sababu gani.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba katika tawi hili la utabibu, ambalo hapa tutaliita othodontia, majina hayakuwa pambo la kazi. Mara kwa mara jina ndilo lililoamua kinywa kitendewe nini. Kwa hiyo anayetafsiri istilahi hizi ana sehemu yake katika uamuzi huo, apende asipende.

Kutoka safu hadi muumano

Mwaka 1728 Pierre Fauchard, daktari wa meno wa Paris, alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi yake. Humo alieleza ukanda wa metali wenye matundu, uliofungwa kwa nyuzi kwenye meno ili yaliyokwenda kombo yavutwe na kurudi katika safu. Kwa muda mrefu baada yake fikra ilibaki kuwa hiyo: kuna safu, na kuna meno yaliyotoka katika safu. Jina la taaluma yenyewe lilijengwa juu ya fikra hiyo, kwani limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya unyofu na jingine lenye maana ya jino.

Aliyeibadili fikra hiyo kwa nguvu zaidi ni Mmarekani Edward Hartley Angle, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1930. Matoleo ya mwanzo ya kitabu chake yalitaja katika anwani kurekebisha meno na kuyashikilia. Toleo la 7, la mwaka 1907, halikutaja tena kurekebisha. Lilitaja tiba ya hali mbaya ya kukutana kwa meno ya juu na ya chini. Neno alilolitumia limetokana na Kilatini, na asili yake ni kufunga. Badiliko hilo la anwani ni dogo machoni, lakini lina uzito. Safu hutazamwa katika taya moja, ilhali kukutana hudai mataya mawili. Meno yaweza kunyooka kama uzi uliovutwa, na bado yasikutane ipasavyo wakati wa kutafuna.

Hapa ndipo msemo wetu wa "kunyoosha meno" unapotupotosha. Unaeleza fikra ya Fauchard, hauelezi ya Angle. Tumetafuta neno la kufaa. "Mkutano wa meno" utawachekesha wasomaji waliozoea mikutano ya hadhara. "Mfungo" tayari umeshikwa na saumu na kalenda. Tunapendekeza "muumano", kutokana na kuumana, kwa kufuata njia ileile iliyotupatia muungano kutokana na kuungana. Tunajua kwamba mbwa nao huumana, na kwamba baadhi ya wasomaji watasikia ugomvi ndani ya neno hili. Hata hivyo linaeleza tendo la meno ya juu na ya chini kwa pamoja, na hilo ndilo linalohitajiwa.

Daraja au kundi?

Mwaka 1899 Angle alitangaza mgawanyo wake wa muumano mbaya. Kipimo chake kilikuwa gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto anapokaribia umri wa miaka 6. Katika sehemu ya I, magego ya juu na ya chini yanakutana vema, ila meno mengine yamekwenda kombo. Katika sehemu ya II, gego la chini limekaa nyuma mno likilinganishwa na la juu. Katika ya III, limekaa mbele mno. Mgawanyo huo umesahihishwa na kuongezwa mara nyingi, lakini mpaka leo madaktari huutumia.

Mfasiri asiye na hadhari ataziita sehemu hizo "daraja la kwanza, la pili na la tatu". Lakini katika masikio ya Mswahili daraja ni cheo. Daraja la kwanza la treni ni bora kuliko la tatu, na aliyefaulu mtihani kwa daraja la kwanza amewashinda wenzake. Mzazi akielezwa kwamba mwanawe yuko daraja la tatu, atadhani ugonjwa umefikia mwisho wake; naye wa daraja la kwanza ataona hakuna la kutibu. Mawazo yote mawili ni makosa, kwa kuwa Angle hakupanga uzito wa hali, alipanga namna zake. Neno "kundi" halimpandishi mtu wala kumshusha. Hilo ndilo litumike.

Lililo kamili si la kawaida

Angle aliamini kwamba muumano mwema hudai meno yote yawepo, na kwa hiyo alikataa kung'oa meno mazima ili kupata nafasi. Calvin Case alimpinga, na mwaka 1911 mabishano hayo yalifika mbele ya mkutano wa madaktari wa meno wa Marekani. Hoja ya Angle ilitawala kwa miaka mingi. Baadaye mwanafunzi wake mwenyewe, Charles Tweed, aliona kwamba meno ya wagonjwa wake wengi yalirudi kombo au yalijitokeza mno. Akawatibu tena kwa kung'oa, na mwaka 1940 aliwaonyesha wenzake kumbukumbu za wagonjwa 100 waliotibiwa mara mbili. Raymond Begg wa Adelaide, Australia, ambaye naye alisoma kwa Angle, alifikia uamuzi wa kung'oa kwa njia yake mwenyewe.

Chini ya ugomvi huo kulikuwa na swali la neno moja: muumano mwema ni upi? Angle aliuita kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri "wa kawaida". Lakini alichokieleza si kile kinachoonekana kwa watu wengi. Ni ukamilifu ambao wachache huzaliwa nao. Vivyo hivyo mwaka 1972 Lawrence Andrews alipotangaza vigezo vyake 6, alivitoa katika mifano ya plasta ya watu 120 waliochaguliwa kwa uzuri wa meno yao, ambao hawakuwahi kufungwa nyaya. Tukiandika "muumano wa kawaida", tunawaambia watu wengi kwamba hawako katika hali ya kawaida. Tukiandika "muumano kamili", tunasema kweli: kwamba hicho ni kielelezo, na kwamba mgonjwa na daktari wana haki ya kuulizana ni kwa kiasi gani kifuatwe.

Kimoja cha vigezo hivyo 6 chatuhusu kwa namna ya pekee. Chasema kwamba meno yagusane, pasiwe na nafasi kati yake. Lakini sisi tunao mwanya, nafasi iliyopo tangu asili kati ya meno mawili ya mbele, na wengi wetu huuhesabu kuwa uzuri. Tunalo pia pengo, nafasi iliyoachwa na jino lililotoka. Kiswahili kimekwisha kutenga mambo mawili ambayo lugha nyingine hulazimika kuyaeleza kwa maneno mengi. Mfasiri anayeandika "kasoro ya nafasi kati ya meno" ameuharibu utajiri huo, na amemhukumu mwenye mwanya kabla daktari hajamtazama. Na aandike "mwanya" au "pengo", kisha hukumu aiachie mazungumzo ya chumba cha daktari.

Kushikilia

Limebaki neno moja ambalo huchukuliwa kuwa dogo. Mwaka 1904 Carl Sandstedt wa Sweden alianza kutangaza majaribio yaliyoonyesha kwamba jino linaposukumwa, mfupa huliwa upande unaobanwa na hujengwa upande unaovutwa. Ndiyo maana tiba huchukua miezi mingi, na mgonjwa hurudi mara kwa mara ili nyaya zikazwe au zibadilishwe. Ndiyo maana pia siku ya kuvua nyaya siyo mwisho wa tiba. Meno huelekea kurudi yalikotoka, na huhitaji kifaa cha kuyazuia. Fomu ikimalizia kwa "kuvua nyaya", mgonjwa hatarudi, na gharama na muda wa familia vitakuwa vimepotea. Kwa hiyo "kushikilia" kutajwe kuwa hatua ya tiba yenye jina lake, na kifaa chake kiitwe "kishikilio".

Tunayatoa mapendekezo haya ili yajaribiwe. Tunawaomba walimu, wafasiri na hasa madaktari wayatamke mbele ya wagonjwa na wasikilize yanavyopokewa. Muumano likikataliwa na masikio ya watu, litafutwe jingine. Lakini daraja, kawaida na kasoro yasiachwe kupita bila kuulizwa, kwa kuwa mzazi anayetia sahihi hana maelezo mengine ila yale tuliyomwandikia.