Hifadhi na kuhifadhi: neno moja, kazi mbili

Kichwa cha habari kinachosema "Watatu wahifadhiwa Lodwar" hakina kosa la kisarufi. Hata hivyo, msomaji aliye Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka mji huo, hawezi kujua kutokana nacho iwapo watatu hao wako hai. Huenda ni wakimbizi waliopewa mahali pa kulala wakisubiri gari la kuwapeleka kambini. Huenda pia ni maiti zilizofikishwa katika chumba cha kuhifadhia maiti. Kwa mtu ambaye ndugu yake yuko njiani, tofauti hiyo si jambo la wanasarufi pekee.

Utata huo unatokana na tabia ya neno lenyewe. Hifadhi lina asili ya Kiarabu na, kama yalivyo jibu, dai, hesabu na hukumu, hutumika likiwa nomino na likiwa kitenzi pasipo kubadilika umbo. Vitenzi vya asili ya Kibantu kwa kawaida haviendi hivyo. Kutokana na kimbia na kimbilia tunapata mkimbizi, ukimbizi na kimbilio, kila nomino ikiwa na alama zake, na msikilizaji hatatiziki.

Likiwa nomino, hifadhi limo katika ngeli ya I-ZI: hifadhi hii, hifadhi hizi. Umbo "mahifadhi", ambalo baadhi ya watu hulitumia kwa wingi, halifai. Nomino hii ina maana mbili ambazo katika Kaunti ya Turkana zinaishi jirani. Maana ya kwanza ni eneo lililotengwa kwa ajili ya wanyama na mazingira, kama ilivyo Hifadhi ya Taifa ya Turkana Kusini. (Watanzania hulitumia neno kwa upana zaidi. Kwao Serengeti ni hifadhi, ilhali Wakenya wengi huendelea kusema mbuga.) Maana ya pili ni ulinzi ambao nchi humpa mgeni aliyekimbia mateso au vita kwao. Kwa hivyo "Wakazi wa Turkana waomba hifadhi" ni kichwa kibovu. Je, wanataka ardhi yao itengewe wanyamapori, au wanatafuta pa kujisitiri kutokana na wezi wa mifugo?

Maana ya pili ina uzito wa kisheria. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kufuatia kuwasili kwa vijana wa Sudan waliokuwa wamelazimika kuondoka Ethiopia, na tangu hapo imepokea watu wa mataifa mengi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyochukua mahali pa ile ya 2006, inamtofautisha mwomba hifadhi na mkimbizi. Mwomba hifadhi ni yule ambaye bado hajatambuliwa. Mkimbizi ni yule ambaye hali yake imekwisha kutambuliwa na serikali. Mwandishi anayemwita kila aliyevuka mpaka wa Nadapal "mkimbizi" anatoa uamuzi usio wake. Kosa la upande wa pili ni kuandika kwamba mtu "ameomba uhifadhi". Uhifadhi ni ile kazi ya kutunza misitu, wanyama au turathi, wala hauombwi katika ofisi ya wakimbizi.

Ikumbukwe pia kwamba hifadhi huombwa, kisha hutolewa. Jomo Kenyatta aliishi Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi 1961 baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, lakini hakuna anayesema kuwa alipewa hifadhi huko. Aliwekwa kizuizini. Polisi wanapowashika wageni wasio na vibali na kuwaweka kituoni, nao vilevile wamezuiliwa, hata kama wamepewa chai na blanketi.

Likiwa kitenzi, neno hili huhitaji yambwa: mtu huhifadhi kitu. Wavuvi wa Kalokol huhifadhi samaki kwa kuwaanika juani, mwanafunzi wa madrasa huhifadhi Kurani, na karani huhifadhi faili. Kwa sababu si kitenzi cha Kibantu, irabu yake ya mwisho haigeuki katika ukanushi. Husemwa hakimbii, lakini hahifadhi. Umbo "hahifadhii" lipo, ila linatokana na hifadhia na lina maana nyingine, yaani hamwekei mtu fulani kitu, au hakiweki mahali fulani.

Kauli ya kutendwa, hifadhiwa, ndiyo yenye hatari, maana magazeti yameizoesha kwa maiti kiasi kwamba wasomaji wengi huisikia hivyo kwanza. Dawa imo katika upatanisho wa kisarufi. Mwili umehifadhiwa na miili imehifadhiwa. Hapo msomaji hana shaka. Watu walio hai wamepewa hifadhi, ikiwa ni suala la sheria, au wamepewa makao, ikiwa ni suala la paa na mkeka. Pale nomino ya mtenda au mtendwa inapoachwa ili kuokoa nafasi, upatanisho wa wa- huwajumuisha walio hai na waliokufa, kwani "watatu" ni watatu tu.

Kichwa kile cha Lodwar, basi, kingeandikwa "Wakimbizi watatu wapewa makao Lodwar", au "Miili mitatu yahifadhiwa Lodwar". Cha pili kina herufi tano tu zaidi ya kile cha awali.